Mtoto wa Karatasi Nyeupe

Usiku, watu wamelala na mbwa wametulia, ikasikika sauti nyuma ya jiko. Sauti ya kunong'ona. Inapanda, inashuka, inanyamaza kidogo kama mtu anayesubiri kujibiwa, halafu inaendelea. Ndani ya nyumba alikuwamo mama mmoja, kijana tu, mume wake yuko mbali kwenye kazi za kupasua mbao, amelala na kichanga ubavuni, akafumbua macho. Mama zangu, ninyi mnajua. Ukiwa peke yako na watoto, sauti ya usiku huisikii kwa masikio, unaisikia kwa tumbo. Akapapasa upande wa pili wa kitanda. Binti yake mkubwa hayupo.

Nitamwacha mama huyo hapo hapo, mkono wake juu ya blanketi lisilo na mtu, niwarudishe nyuma kidogo, maana sauti ile ilianzia shuleni. Na mnivumilie nikisema haraka. Nikisita nitakaa chini, na mwenyekiti wetu ameshasema zamu ya mfano leo ni yangu, Jumapili hii tunayoombea maktaba ya watoto wetu.

Basi. Kwenye shule ya mtoto yule kulikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Mwalimu mmoja akakiomba, akakifagia, akaweka mbao juu ya matofali zikawa rafu, akapanga vitabu alivyopata. Vilikuwa vichache, lakini mwalimu yule alikuwa na akili ya mama anayepika ugali mdogo kwa watoto wengi. Akasema, vitabu vikiwa vichache, vingine tutaviandika wenyewe. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, kila mtoto aliyepata nafasi ya maktaba anakuja na hadithi ya kwao, ya bibi au ya babu, anaiandika mezani, anaishona kwa uzi, anaiwekea jalada la boksi, na kijitabu kinapandishwa kwenye rafu pamoja na vile vya dukani. Wenzake wanakiazima. Wanakwenda nacho nyumbani. Hebu fikirini mtoto wa darasa la nne anayeona jina lake kwenye rafu, na mtoto wa darasa la sita anapanga foleni kukiazima. Nani asingetaka?

Binti huyu ninayewaambia alitaka kuliko wote. Alisoma mpaka maganda ya sabuni. Akitumwa chumvi dukani anachelewa, ukimwuliza anasema karatasi waliyofungia ilikuwa na habari na hakuimaliza. Lakini Ijumaa ikifika, mwalimu akisema andikeni, wenzake wanainama, yeye anakaa wima. Kalamu mezani. Karatasi mezani. Mikono mapajani. Kengele inalia, karatasi ni nyeupe kama ilivyotoka.

Ijumaa ya kwanza mwalimu alimwachia. Ijumaa nyingine akamwuliza. Watoto nao hawana dogo, wakampa jina. Akipita uwanjani wanasema, "Pisheni, pisheni, Karatasi Nyeupe anapita, msije mkamchafua." Mmoja akamfuata akiwa na kipande cha mkaa, akamwambia, "Dada, geuka nikuandike mgongoni, angalau leo uwe na maneno." Wakacheka. Yeye naye alicheka kidogo, lile cheko la mtoto anayetaka mambo yaishe.

Mwalimu akamwita mama yake. Mama akaenda na kichanga mgongoni, viatu ameviazima kwa jirani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa hapa. Sijakuita kwa ubaya. Huyu binti yako anasoma kuliko wote niliowahi kuwafundisha, lakini nikimwambia aandike hadithi ya nyumbani anaiweka kalamu chini kama imemchoma."

"Labda hazijui, mwalimu."

"Nilidhani hivyo. Nikamwuliza, bibi yako hakusimulii? Akaniambia bibi anamsimulia kila siku, na zote anazo. Sasa ni nini, mama? Kuna mtu nyumbani amemkataza?"

"Nani amkataze? Mimi mwenyewe ndiye ninayemsukuma aje."

Mwalimu akatazama mlangoni, ambako kulikuwa na watoto wengine wamejibanza wakichungulia. "Unawaona hao? Wanasubiri nafasi. Chumba kidogo, na nimewaahidi. Ijumaa inayokuja asiyekuwa na kijitabu atatoka, aingie mwingine. Sipendi, mama. Lakini nitafanyaje?"

Mama yule alirudi nyumbani anaungua. Msimlaumu haraka. Yeye alikuwa amefika sekondari akaishia hapo, na matumaini yake yote ya kufika kokote alikuwa ameyapakia kwa binti yule kama mtu anavyopakia mizigo yote kwenye baiskeli moja. Akamkuta mtoto anaosha sufuria. Akasema yale tunayosema.

"Unaniaibisha mbele ya mwalimu. Kuandika tu, hadithi ya bibi yako, hukuambiwa uandike ya mbinguni. Unataka watu waseme sina mtoto nina gogo? Kwa mwendo huu utaniua."

Sufuria ikamtoka mtoto mikononi. Akaiokota, akaenda kuisugua tena upya, ile ile iliyokuwa imeshatakata.

Na usiku huo ndio sauti ikasikika nyuma ya jiko. Sasa mmeshafika nilipomwacha mama.

Alitoka na tochi ya simu ameifunika kwa kiganja. Akazunguka taratibu. Mtoto wake alikuwa amekaa chini kando ya tenga la kuku, khanga ya mama mabegani, anasimulia. Mama zangu, anasimulia hasa. Ilikuwa hadithi ya fisi aliyealikwa harusini akaambiwa asicheke, maana akicheka meno yake yataonekana na wenye mbuzi watamjua. Na mtoto anageuka fisi, anageuka bibi harusi, anageuka yule shangazi mlevi wa kila harusi anayekuja kumchekesha mgeni kwa makusudi. Mama alisimama pale akasahau kwamba ametoka kwa hofu. Fisi alipochekeshwa mpaka kofia ikamdondoka, mama mwenyewe akacheka kwa sauti.

Mtoto akaruka.

"Unaongea na nani?" mama akauliza.

"Na kuku."

"Kuku wanajua hadithi?"

"Huyu mwekundu anasikiliza. Fisi alipocheka alifumbua jicho."

Mama akakaa naye chini. "Hadithi unayo. Unayo yote, kuliko hata bibi yako. Umekuja kuipoteza kwa kuku usiku, na mwalimu anaililia mchana. Kwa nini?"

Mtoto akachora mchangani kwa kidole.

"Niambie. Sitakupiga."

"Maktaba ni mchana, mama," mtoto akasema.

"Ehe, kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi. Wewe ulisema."

"Nilisema nini?"

"Ulisema mtu akisimulia hadithi mchana, mama yake anakufa."

Jamani, hapa nitasimama kidogo, maana wengine wenu naona mmeshaanza kuguswa bega na jirani. Sisi wa huku tumekulia kwenye neno hili. Hadithi haisimuliwi mchana. Kila nyumba na adhabu yake. Kwa wengine ukisimulia mchana unaota mkia. Kwa wengine unaota pembe, kwa wengine ng'ombe anapotea. Na wazee hawakuwa wajinga, walikuwa na maharage ya kupura na mtama wa kulinda, na mtoto akishaanza hadithi mchana ndege wanakula shamba lote. Wakaweka ulinzi wa maneno. Wenzake darasani nao waliambiwa hivyo hivyo. Ila wao waliambiwa mkia. Na mtoto aliyeambiwa mkia anaweza kujaribu, akajificha chooni saa sita mchana akasimulia mstari mmoja, akajipapasa nyuma, akakuta hakuna kitu, akatoka zake akiwa huru. Lakini aliyeambiwa mama yake atakufa, huyo atajaribuje? Atajaribu kwa mama yupi?

Mama wa mfano wetu hata hakukumbuka. Alikaa pale chini akitafuta, lini, wapi, mpaka ikamjia. Wakati wa kuanika maharage, mtoto akiwa mdogo, amewakusanya watoto wa jirani anawasimulia, na kuku wamo ndani ya maharage mpaka kiunoni. Akapaza sauti kutoka mbali, akalitupa neno lile kama mtu anavyorusha kijiti, kuku wakakimbia, watoto wakakimbia, yeye akaendelea kupepeta. Kazi ya neno lile kwake iliishia pale pale. Kwa mtoto ndiyo ilikuwa inaanza.

"Kwa hiyo wanakucheka uwanjani," mama akasema, "wanakuita karatasi, mwalimu anakutoa, na wewe unakaa kimya kwa ajili yangu?"

Mtoto akavuta khanga. "Baba hayupo. Ukifa na wewe, mdogo wangu atanyonya wapi?"

Ninyi mngejibu nini? Mimi nawauliza kweli. Mngesema ni uongo? Mama alisema. Alisema ni maneno tu, ni ya kuwarudisha watu kazini. Mtoto akamwambia, "Bibi naye alisema. Na mama wa bibi alisema." Neno la usiku mmoja haling'oi neno la vizazi. Na niwaambie kitu kingine, kidogo tu: mama mwenyewe alipokuwa anasema ni uongo, moyo ulimdunda. Naye tangu azaliwe hakuwahi kusimulia hadithi mchana.

Lakini alikuwa na kifua yule mama. Ijumaa ikafika, akaacha palizi, akamfunga kichanga, akaenda shuleni. Akaingia chumba cha maktaba, akakaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, akielekeana na meza ya binti yake.

Mwalimu akashangaa. "Mama, karibu. Una shida?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Akiinua macho anione."

Nyuma mtoto mmoja akanong'ona, na kunong'ona kwa mtoto mnakujua, nyumba nzima inasikia: "Karatasi Nyeupe kaja na mama wa kumshikia kalamu." Mwalimu akamkazia macho.

Andikeni, mwalimu akasema. Wakainama. Binti akaiangalia karatasi. Akamwangalia mama. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati kabisa, hakuna mchana zaidi ya ule. Mtoto akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja. Palikuwa na fisi. Akainua macho haraka. Mama anapumua. Akaandika mwingine. Akainua macho. Mama yupo. Anaandika, anatazama, anaandika, anatazama. Na mama, hakuna kazi nyingine aliyokuwa nayo siku ile duniani ila kuwa hai. Hakumwambia weka nukta. Hakumwambia mwandiko mbaya. Alipumua tu, kwa kuonekana, kifua kipande na kishuke, ili mtoto aone.

Joto likazidi, kichanga kinanyonya, na yeye usiku kucha hakulala. Macho yakamfumba. Kidogo tu. Kalamu ikasimama. Binti akasimama ghafla, benchi lake likaanguka.

"Mama."

"Nipo, nipo," mama akaitika, amezinduka. "Usingizi tu. Endelea, harusi imefika wapi?"

Darasa likacheka, na safari hii mtoto hakucheka nao wala hakulia. Alikaa, akainama, na kuanzia pale aliandika bila kuinua macho. Ukurasa ukaisha akageuza. Kengele ya chakula ikalia, wenzake wakakimbilia sahani, yeye yumo harusini na fisi. Mwalimu mwenyewe alikishona kijitabu, akakisoma amesimama mlangoni, akafika kwa yule shangazi mlevi, akaegemea mwimo kwa kucheka. Akakipandisha kwenye rafu. Nafasi ya mtoto ikabaki ya mtoto.

Sasa naona nyuso zenu zimelegea. Mnasema ahsante, mfano umekwisha, mtoto ameandika. Mimi nami nilitamani uishie hapo.

Wakarudi nyumbani, mama mbele, mtoto nyuma, kichanga kimelala. Mtoto anaruka ruka njiani, anasimulia tena, mchana kweupe, kwa sauti. Halafu akaacha kuruka. Wakatembea. Halafu akauliza, kwa ile sauti nyepesi ya mtoto anayeuliza bei ya karanga:

"Mama, na lile lingine?"

"Lipi?"

"Ulilosema baba haji nyumbani kwa sababu mimi nasumbua. Nalo ni la kufukuza kuku tu, au lile ni kweli?"

Hilo mama alilikumbuka. Hakuhitaji kutafuta. Ilikuwa jioni ya uchovu, kuni mbichi, simu ya mume haipatikani, mtoto anauliza uliza. Alilisema, akalisahau kesho yake kama tunavyosahau.

Akapiga magoti palepale njiani, na kichanga mgongoni, akamshika binti yake mabega. "Si kweli. Baba yako haji kwa mambo yake na yangu. Wewe humo. Hujawahi kuwamo."

Mtoto akafikiri. Akasema, "Ungeniambia mapema, mama. Nimekuwa nanyamaza sana."

Hapo ndipo mfano wangu unapoishia.

Sasa sisi. Leo tumekuja hapa kuombea maktaba. Tumeahidi mbao, mzee wa kanisa ametoa misumari, kina mama tutashona mapazia, na Mungu atubariki, vitu hivyo vinahitajika. Tunataka watoto wetu wasome na waandike. Tunasema walimu wawape vipindi, wawape mashindano ya kusoma, wawape kalamu. Sawa. Lakini mtoto ataandika kwa kutumia nini, wapendwa? Kwa kalamu peke yake? Mtoto anaandika kwa kile kilichomo ndani yake, na ndani yake tumeweka nini sisi? Mlango wa chumba cha vitabu mwalimu ameufungua. Na ule mwingine, ulio mdomoni mwa mtoto, ni nani ameushikilia kwa nje?

Tunawaambia, mtoto mzuri hasemi sana. Tunawaambia, ukiuliza tena nitaondoka nikuache. Tunawaambia, wewe ndiye mkosi wa nyumba hii. Tunayatupa, tunaendelea kupepeta. Halafu Ijumaa tunashangaa karatasi nyeupe, tunasema mtoto mzito, mtoto mkaidi, mtoto kichwa kigumu. Hatuulizi. Kumbe mtoto mtiifu kuliko wote darasani ndiye aliyeshindwa kuandika, na alishindwa kwa utiifu. Yule mtundu asiyetusikiliza, huyo ameokoka na maneno yetu. Ni huyu anayetusikiliza ndiye wa kuogopewa. Mimi naogopa sana, sitawaficha. Nikimwona mtoto amekaa kimya, watu wanasema ana adabu, mimi nasogea karibu nimwulize.

Na hatuwezi kuyaondoa maneno yale kwa kusema tu kwamba ni uongo. Mmeona. Mama alisema, haikutosha. Ilibidi aende akakae mchana, aonekane. Basi na sisi twende. Mwalimu wa watoto wetu anasema Ijumaa mlango uko wazi kwa wazazi. Huhitaji kujua kusoma. Huhitaji viatu vya kuazima. Kaa kwenye kibenchi, pumua, mtoto akiinua macho akukute. Msimulie hadithi yako mchana mbele ya wenzake, hata kama sauti itatetemeka, hata kama utapapasa nyuma kuona kama mkia umeota.

Na leo, kabla ya kulala, kaa na mtoto wako pembeni umwulize: kuna neno nililokuambia ambalo linakuogopesha? Uliza, halafu funga mdomo. Akijibu usikasirike, usiseme sikusema hivyo, usicheke. Anaweza akakwambia jambo ulilolisahau. Anaweza akakwambia ulilotamani alisahau yeye. Likikuelemea, usilibebe mpaka asubuhi. Nyumba yangu ni ile inayofuata baada ya mashine ya kusaga, mlango hauna komeo la maana. Ingia hata ukikuta napika, hata kama hatujawahi kusalimiana. Kaa, useme, ulie ukitaka. Mume wangu hatalisikia, mwenyekiti hatalisikia, wala halitafika kwenye maombi. Nitalisikia mimi, na sitamwambia mtu mwingine.